Kombora la Harpoon kukosa meli

Ndugu, umeuliza kuhusu DCS, mchezo wa kompyuta unaoiga urushaji wa ndege za kivita: kombora lako la Harpoon, la kupiga meli, linaikosa manowari na kufuata meli ya mizigo kwa sababu umelirusha kwa hali ya BOL, ambayo hulipa mwelekeo tu, kisha rada yake ikishawaka hushika chombo chochote inachokutana nacho njiani. Katika ndege ya kivita F/A-18C ya DCS, chagua hali ya R/BL, ambayo hulipa kombora umbali pamoja na mwelekeo, na ulielekeze kwenye shabaha uliyokwisha kuiteua, ili rada hiyo iwake karibu na manowari yenyewe. Zaidi ya hayo, usirushe moja moja: Harpoon haifikii mwendo wa sauti, na ingawa huruka chini karibu na mawimbi, manowari yenye ulinzi imara hulidungua kombora la pekee kwa urahisi, kwa hiyo rusha yote manne yaliyo kwenye ndege kwa kufuatanisha.