Jinsi ya Kumngoja Mwenzako Safarini kwa Baiskeli

Siku ya nne ya safari yetu ya baiskeli, mimi na rafiki yangu tulipanga kwenda kilomita 110, nasi tukaishia 63. Kwa muda mrefu niliusingizia upepo na pancha, lakini kila ninapoikumbuka siku ile naona kwamba vyote viwili vingevumilika laiti tungejua kungojana.

Upepo wa mbisho ulianza mnamo saa tatu asubuhi. Asiyewahi kuendesha baiskeli yenye mizigo akiukabili upepo hudhani kwamba adui mkubwa ni mlima, ilhali mlima una kilele na upepo hauna. Ukienda kwa kilomita 20 kwa saa huku upepo nao ukikujia kwa kasi hiyohiyo, mwili wako unapambana na hewa kana kwamba unakwenda kilomita 40 kwa saa siku iliyotulia, na ukinzani wa hewa hiyo hauongezeki mara mbili bali mara nne. Kwa hiyo kung'ang'ania mwendo wa jana ni kujichosha bure. Punguza gia, kanyaga kwa wepesi, na uhesabu safari kwa saa badala ya kilomita. Mimi niling'ang'ania, kwa sababu nilimzidi mwenzangu nguvu na, nakiri, nilipenda alione hilo.

Kila baada ya kilomita nne au tano nilisimama kumsubiri, nikanywa maji, nikanyoosha mgongo, na alipofika tu nilimwuliza kama yuko tayari, akaitikia, tukaondoka. Nilijiona muungwana. Ilinichukua siku nzima kutambua kwamba katika kila kituo mimi nilipumzika dakika tano na yeye hakupumzika hata moja, na kwamba mchovu akiulizwa hivyo na mtu ambaye tayari ameshika usukani hawezi kujibu ila ndiyo. Tangu siku ile tuna kanuni: mapumziko huanza kuhesabiwa anapofika wa mwisho, na wa mwisho ndiye anayesema twende.

Afadhali zaidi ni kutoachana kabisa. Barabara ikiwa tupu na inaonekana vizuri, mwenye nguvu akae mbele na mwenzake amfuate kwa karibu, kiasi cha mita moja, ili akingwe upepo. Aliye mbele asifunge breki ghafla na aonyeshe mashimo kwa mkono, kwa maana gurudumu la mbele la anayefuata likigusa la nyuma la anayeongoza, kwa kawaida anayeanguka ni anayefuata. Nafasi kati yenu ikianza kupanuka, jua kwamba umezidisha mwendo, hata kama wewe huoni hivyo.

Mchana tairi langu la nyuma likapata pancha. Kwa hasira nilibandika kiraka upesi, nikarudisha tyubu, na baada ya kilomita mbili upepo ukatoka tena: mwiba ulikuwa bado umo ndani ya tairi. Kabla hujarudisha tyubu, ilinganishe na tairi ukianzia kwenye valvu ili ujue tundu lilikuwa wapi, kisha pitisha vidole taratibu upande wa ndani wa tairi mpaka ukipate kilichotoboa. Sugua tyubu kwa msasa, paka gundi, na usiweke kiraka kabla gundi haijakauka kiasi cha kutong'aa. Kama una tyubu ya akiba, weka hiyo, uache viraka kwa ajili ya jioni.

Nikiwa nalaani mwiba, rafiki yangu aliketi kando ya barabara bila kusema neno. Nilipomwomba pampu alinijibu kwa ukali usio wake, nami nikajibu kwa ukali zaidi. Ndipo nilipoona mikono yake inatetemeka. Kumbe hakuwa amenuna, alikuwa ameishiwa. Akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini huweza kumalizika ndani ya saa mbili au tatu za kazi nzito, na anayeishiwa huwa mkali, mzito wa kuamua, na aghalabu ndiye wa mwisho kujua kwamba ana njaa. Yeye alikuwa hajala tangu asubuhi, kwa kuwa mtu asiyepumzika hapati nafasi ya kufungua mfuko wa chakula. Kuleni kidogo kila nusu saa, hata bila hamu, na mwenzako akianza ugomvi usio na kichwa wala miguu, mpe kitu kitamu kabla ya kumjibu.

Alikula, na baada ya dakika ishirini hivi akaniuliza kwa upole kama nimeupata ule mwiba. Hatukusogea tena siku ile. Siku ya tano yeye ndiye aliyetangulia kwa kilomita 30 za mwanzo, nami nikafuata nyuma yake kwa mwendo wake.