Muulize Mwalimu: Washairi kwenye chumba cha mtihani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesikia kwamba Uchina ya kale kazi ya serikali ilipatikana kwa kutunga mashairi. Ni kweli? Na wale washairi mashuhuri, Li Bai na Du Fu, walifaulu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, ila si yote. Wengi waliingia serikalini kwa jina la baba, au kwa mitihani iliyokuwa myepesi zaidi. Mtihani wa jinshi, wenye heshima kuliko yote enzi ya ukoo wa kifalme wa Tang (618–907), ndio uliomtaka mtu atunge shairi kwa kanuni kali. Kwa kawaida walifaulu 20 au 30 hivi kwa mwaka, dola nzima!

Hao wawili uliowataja hawamo. Li Bai hakuufanya kabisa. Du Fu alianguka, akajaribu tena mwaka 747 katika mtihani maalumu. Safari hiyo waziri Li Linfu aliwaangusha watahiniwa wote, kisha akamwambia mfalme kuwa huko nje hakuna tena mwenye kipaji aliyesahaulika. Jeuri iliyoje.

Mimi mshairi wangu wa enzi hiyo ni Meng Jiao. Matokeo yalibandikwa majira ya machipuko, mji mkuu Chang'an ukiwa umejaa maua, na alipoanguka mara ya pili aliandika hivi:

Usiku mmoja naamka mara tisa, nahema;
ndoto fupi, nyumbani hainifikishi.
Mara mbili njiani Chang'an,
maua nayaona kwa machozi.

Mwaka 796, umri umeshapita miaka 40, akafaulu. Sasa msikie:

Upepo wa machipuko waniridhia, kwato za farasi zakimbia;
siku moja tu, maua yote ya Chang'an nimeyamaliza.

Wachina hadi leo hunukuu hili la pili wanapompongeza mtu. Sawa, ni tamu, lakini kwangu mimi lile la kwanza ndilo shairi. La pili ni kelele za aliyetoka kifungoni. Na alipata nini? Baada ya kungoja miaka kadhaa alipewa cheo kidogo wilayani Liyang. Akawa anakwenda kukaa kando ya maji kutunga mashairi, kazi zikalala. Mkuu wake akamweka mtu mwingine azifanye, na nusu ya mshahara wa Meng Jiao ikawa ya huyo. Alikufa mwaka 814, maskini.

Hukuuliza habari za wanawake, nami sitawaruka. Hawakuruhusiwa hata kujiandikisha. Yu Xuanji, mshairi wa karne ya 9, alipanda hekaluni akayakuta majina ya waliofaulu, akaandika kwamba anaichukia nguo yake ya hariri kwa kuzifunika beti zake, na kwamba ameinua kichwa kuyatamani bure majina yale. Msome huyo kabla ya Li Bai. Hao wanaume 20 au 30 wa kila mwaka, wengi wao leo hakuna anayewakumbuka. Yeye bado anasomwa.