Paka wa kilo 7: usimfungishe, wafuatilie wanaomlisha

Dada, nimesoma swali lako: paka wako ana kilo 7, daktari amesema apungue, na kuna mtu amekushauri umfungishe siku mbili "tumbo lirudi". Usithubutu. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili huyamwaga mafuta kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Ufizi na macho hugeuka manjano, na asipowahiwa hufa. Ramadhani tunafunga sisi, paka hafungi.

Haya, sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo?

Wangu anaitwa Sultani, dume la rangi ya chungwa. Tulimhasi kabla hajatimiza mwaka, na hakuna aliyetwambia kwamba paka akishahasiwa mwili hutaka chakula kidogo kuliko zamani, ilhali hamu ya kula ndiyo kwanza inazidi. Alipofika miaka mitano alikuwa na kilo 7.6. Ukimtazama kutoka juu ni boga lenye mkia. Kiunoni hakujifikia kujilamba, manyoya yakafanya vifundo. Siku moja ya joto la Februari nikamkuta anahema mdomo wazi kama mbwa, nikambeba moja kwa moja kwa daktari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukata chakula nusu siku ile ile. Alilia usiku kucha, hatukulala. Baada ya wiki tatu nikampima: ameongezeka gramu 200! Nikaona huyu ana siri. Jumamosi nikamfuata nyuma nyuma katika vichochoro vya Mji wa Kale. Saa tatu asubuhi yuko kwa mpara samaki, anapewa matumbo ya tasi. Adhuhuri yuko nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa bi mkubwa mmoja, ambako haitwi Sultani, anaitwa Tajiri, na ana kibakuli chake cha bati chenye maziwa. Jioni watoto wa barazani wanamrushia vipande vya mishikaki. Kumbe kwangu alikuwa akija kulala tu.

Basi mwambie bi mkubwa wa watu "usimlishe paka wangu" uone mamangu atakavyokusuta! Nilimpelekea mahamri, tukazungumza, nikamweleza maradhi ya sukari na viungo yanavyowaandama paka wanene. Akanisikiliza, kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, nimtazame tu akinililia mlangoni?" Sikuwa na jibu siku ile. Kesho yake nikampelekea kikopo chenye gramu 15 za chakula kikavu, zilizotolewa katika posho ya paka ya siku hiyo. Ikawa ndiyo ada ya kila asubuhi. Yeye anampa kwa mkono wake, Tajiri anaridhika, hesabu yangu haivurugiki. Mpara samaki alinielewa upesi. Watoto walinisumbua mpaka nilipomteua mkubwa wao awe askari wa wenzake.

Posho yenyewe ilikuwa gramu 55 kwa siku, mara nne. Daktari aliipigia hesabu kwa uzito tulioutaka, kilo 5.5, na kwa kalori zilizoandikwa kwenye pakiti ya chakula chetu. Yako itakuwa nyingine, kwa hiyo muulize daktari wako, na ufike kwenye kiwango hicho polepole, kwa siku kumi hivi. Lakini pima kwa mizani ya jikoni! Kikombe changu "kile kile" nilipokijaribu kilitoa gramu 40 mara moja na 58 mara nyingine.

Uzito wa paka mwenyewe nilipima kwa ile mizani ya kuning'iniza ya mabegi, tuliyonunua mamangu alipokwenda Umra. Paka ndani ya kikapu, unatoa uzito wa kikapu, kila Ijumaa asubuhi kabla hajala. Kupungua asilimia 1 kwa wiki kunatosha, kwa wako ni kama gramu 70. Akizidi asilimia 2, mwongeze chakula. Mizani ile si sahihi sana, kwa hiyo tazama mwezi mzima, usihangaishwe na wiki moja. Na mpapase mbavu. Ukizigusa ziwe kama mgongo wa kiganja chako ukinyoosha vidole. Zikiwa kama upande wa ndani wa kiganja, bado mnene. Zikiwa kama vifundo vya ngumi, umempunguza mno.

Utaambiwa pia umpe samaki peke yake. Samaki peke yake hamtoshelezi. Kipande kidogo cha kuku wa kuchemsha si vibaya, bila chumvi, na kitunguu wala thomu visikaribie, maana humharibia damu. Maziwa mwachie ndama, paka wengi wakubwa yanawaharisha.

Mazoezi sikununua kitu. Nyumba yetu ina ngazi zile za kusimama kama ukuta, basi baada ya alasiri, jua likipoa, natupa punje moja ya chakula chake chini, anashuka, nyingine juu, anapanda. Dakika tano. Wiki za mwanzo alikuwa akikaa ngazi ya kati ananitazama kama mtu aliyetukanwa.

Ramadhani ilinirudisha nyuma, siwezi kuficha. Wageni wa futari, sambusa, mkono wa huyu na wa yule, mwezi mzima uzito haukushuka hata kidogo. Kwa jumla ilinichukua miezi kumi kumfikisha kilo 5.8, na hapo daktari akasema tumwache.

Sasa anaruka mpaka dirishani kwa bi mkubwa bila kubebwa. Bi mkubwa naye kila akiniona ananilaumu kwamba nimemkondesha Tajiri wake, halafu ananiuliza kikopo cha leo kiko wapi.