Maswali ya wasomaji: Ijumaa Kuu ya kwanza ilikuwa tarehe ngapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, huku visiwani Pasaka mara nyingi hutukuta tumepandisha mitumbwi ya dagaa kwa sababu ya mbalamwezi. Je, ni bahati tu? Na kwa mwezi huohuo, mtu anaweza kujua tarehe ambayo Yesu alisulubiwa? Nimejaribu programu mbili za simu, moja imenipa 3 Aprili mwaka 33, nyingine 1 Aprili. – Msomaji, Ukerewe

JIBU: Si bahati. Mwezi wa Kiyahudi huanza mwezi unapoandama, na mwanakondoo wa Pasaka alichinjwa jioni ya tarehe 14 ya mwezi wa Kiyahudi wa Nisani, yaani mwezi ukiwa karibu kabisa na upevu. Kanisa nalo likaiweka Pasaka yake Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Ndiyo maana Pasaka ikifika, karabai za dagaa mara nyingi huwa zimepumzika.

Kuhusu tarehe, Injili zinatupa vitu vitatu vya kushika. Pontio Pilato alitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, kwani Injili zote nne zinasema kesho yake ilikuwa Sabato. Tena ilikuwa Pasaka. Hapa ndipo penye mvutano: Marko 14:12 inafanya karamu ya mwisho kuwa mlo wa Pasaka, kwa hiyo Ijumaa inakuwa 15 Nisani, Yohana 18:28 na 19:14 zinasema Pasaka ilikuwa bado kuliwa, kwa hiyo Ijumaa ni 14 Nisani. Ukifuata Yohana, miaka inayokubali vizuri ni miwili tu: Ijumaa 7 Aprili mwaka 30, na Ijumaa 3 Aprili mwaka 33. Ukifuata Marko, mwaka 27 nao hujitokeza, lakini ni mapema mno kwa Luka, kama utakavyoona.

Hesabu ya mwaka 33 unaweza kuifanya mwenyewe. Weka programu ya nyota kwenye Yerusalemu, si Mwanza, maana kinachotakiwa ni machweo ya kule. Utaona mwezi ulizaliwa 19 Machi mchana. Jioni ile ulikuwa bado mchanga mno kuonekana kwa macho. Kwa kawaida unahitaji kama siku nzima tangu kuzaliwa. Jioni ya 20 Machi uliweza kuonekana, na Nisani ikaanza palepale jua lilipozama, kama Waislamu wanavyoanza mfungo mwezi ukiandama. Mchana wa 1 Nisani ni 21 Machi. Sasa ongeza 13, usiongeze 14, kwa sababu siku ya kwanza umeshaihesabu. Unafika 3 Aprili. Wengi hukosea hapo kwa siku moja, kisha Ijumaa yao inageuka Jumamosi.

Programu zako mbili hazipingani. Moja inatumia kalenda ya Juliasi, iliyokuwa ikitumika Roma wakati huo, na nyingine inarudisha nyuma kalenda yetu ya Gregori, ambayo ilianza mwaka 1582. Kwa karne ya kwanza tofauti yake ni siku mbili. Zote zinataja Ijumaa ileile. Vitabu vya historia hutumia Juliasi, nawe fanya hivyo.

Mtego mkubwa zaidi ni kigeuzi cha kalenda ya Kiyahudi ya leo. Kalenda hiyo ni ya hesabu: miaka 19 yenye miezi 7 ya ziada, na kanuni zinazozuia 15 Nisani isiangukie Jumatatu, Jumatano wala Ijumaa. Mtu akiirudisha hadi wakati wa Pilato atatangaza kwamba Marko hawezi kuwa sahihi, kumbe kanuni hizo zilikuja baadaye. Wakati ule mashahidi walikwenda Yerusalemu kueleza walivyouona mwezi. Wingu likiufunika, mwezi unaomalizika ulipewa siku ya 30. Shayiri ikichelewa kukomaa, mwezi wa Adari, unaotangulia Nisani, uliweza kurudiwa, na Pasaka ikasogea mbele mwezi mzima. Kwa hiyo tarehe yoyote ya namna hii hubeba wasiwasi wa siku moja, na mara nyingine wa mwezi mzima, na ukiona mtu anaitaja bila wasiwasi wowote, mwulize mawingu aliyaonaje.

Kati ya 30 na 33 sisi tunaegemea 33, ingawa wataalamu wengi wanashika 30. Luka 3:1 inamweka Yohana Mbatizaji katika mwaka wa 15 wa Kaisari Tiberio, aliyeanza kutawala mwaka 14. Hiyo ni 28 au 29. Injili ya Yohana nayo inataja Pasaka tatu (2:13, 6:4 na 11:55). Kuzibana zote hadi Aprili ya mwaka 30 ni vigumu, na wengine hulazimika kuanza kuhesabu utawala wa Tiberio tangu alipokuwa mshirika wa Augusto, Kaisari aliyemtangulia.

SWALI: Giza la saa sita hadi saa tisa Yesu aliposulubiwa, je, lilikuwa kupatwa kwa jua? – Msomaji, Igoma

JIBU: Haiwezekani. Jua hupatwa mwezi ukiwa mwandamo tu, na Pasaka ni mwezi mpevu. Jioni ya 3 Aprili mwaka 33 mwezi ndio uliopatwa, nao ulichomoza Yerusalemu sehemu yake ikiwa bado kivulini. Hilo ni tukio jingine, halielezi giza la mchana.

SWALI: Nimesikia kwamba kwa zamu ya kuhani Zakaria, baba wa Yohana Mbatizaji, hekaluni tunaweza kujua Yesu alizaliwa Septemba. – Msomaji, Sengerema

JIBU: Hesabu hiyo huanzia mimba ya Yohana, iliyotangulia ya Yesu kwa miezi sita hivi (Luka 1:36). Zakaria alikuwa wa zamu ya Abiya (Luka 1:5), ambayo ni ya 8 kati ya 24 (1 Nyakati 24:10). Kila zamu ilihudumu wiki moja, kwa hiyo ilirudi takriban mara mbili kwa mwaka, na katika sikukuu kubwa zamu zote zilihudumu pamoja. Luka hasemi ni zamu ya kwanza au ya pili, wala Elisabeti alichukua mimba wiki ngapi baada ya mumewe kurudi nyumbani. Ukichagua zamu nyingine, Septemba inakuwa Machi.