Kabla ya kupiga klezma, sikiliza sala
Ndugu, umeuliza kama inafaa kusikiliza sala za sinagogi, ilhali klarineti yako inafuata nota zote za klezma, muziki wa sherehe wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, lakini haitoi kile kilio cha wapigaji wa zamani. Inafaa sana, na mimi ningeanzia hapo.

Ngazi ya sauti ambayo wanamuziki wa klezma huiita fraigishi hujulikana sinagogini kwa jina la Ahava Raba, maneno ya mwanzo ya sala mojawapo ya asubuhi: nota yake ya pili imeshushwa, na kati ya hiyo na ya tatu kuna mwanya wa toni moja na nusu. Wasikilizaji wa taarabu watautambua mwanya huo, kwa kuwa maqamu ya Hijazi, ngazi ya muziki wa Kiarabu, inao pia. Hata hivyo, usidhani kwamba kila kitu kilitoka kwenye sala, kwani doina, wimbo wa huzuni usiofuata mapigo, kwa mfano, ilichukuliwa kutoka kwa Waromania.

Tafuta rekodi za Yossele Rosenblatt, mwongoza sala aliyefariki mwaka 1933, usikilize jinsi sauti yake inavyokatika ghafla kama kwikwi. Pambo hilo, liitwalo krekhtsi kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi hao, ndilo ambalo Naftule Brandwein alilipiga kwa klarineti huko New York katika miaka ya 1920. Imba kwanza kifungu kifupi kwa mdomo, polepole, bila kuhesabu mapigo, hadi kwikwi ikae mahali pake. Ndipo ushike klarineti.