Piano ya zamani au mpya: anza na pini, si mwaka

Nimeulizwa kama ni kweli kwamba piano za zamani zilitengenezwa vizuri kuliko za sasa. Nimerekebisha sauti za piano za umri tofauti, na kwa maoni yangu umri peke yake haujibu swali hilo.

Sifa za piano za kabla ya 1930 zina msingi. Viwanda bora vya Ujerumani na Marekani vilitumia mbao teule zilizokaushwa taratibu, na piano zake zilizotunzwa bado zina sauti nene ambayo piano mpya za bei ya chini hazifikii. Lakini tunazozisikia leo ni zile zilizonusurika. Piano hafifu za enzi hiyo hiyo, nazo zilikuwa nyingi, zimekwisha kutupwa.

Jambo la kuchunguza zaidi ni pini, yaani vijiti vya chuma vinavyozungushwa ili kukaza nyuzi. Nyuzi za piano, ambazo ni takriban 230, huvuta kwa jumla kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 18. Mzigo huo hubebwa na fremu ya chuma cha kusubu, ila kinachozuia kila uzi usilegee ni pini iliyobanwa katika ubao mgumu, na ubao huo ukikauka na kupasuka, piano haishiki sauti hata ukiirekebisha kila wiki. Nimefungua piano zenye kabati la kupendeza ambazo pini zake zilizunguka karibu bila ukinzani wowote, na gharama ya kuzifufua ingezidi thamani yake. Nyundo zilizochakaa (zile zinazogonga nyuzi), kwa kulinganisha, ni kazi ndogo.

Piano mpya zinashinda kwa ulinganifu: mashine hukata sehemu kwa usahihi, hivyo hata piano ya bei ya kati huwa na vibonye vyenye uzito unaofanana. Wengine huogopa plastiki iliyomo ndani (hofu iliyotiwa chumvi, naona), ilhali Kawai, kampuni ya piano ya Japani, wameitumia tangu miaka ya 1970, na haivimbi kwa unyevu kama mti.

Kwa mwenye fedha za wastani, ningependekeza piano iliyotumika ya miaka ya 1980 au 1990, kutoka kiwanda kinachojulikana. Kabla ya kulipa, mlete fundi apime ukazo wa pini kwa ufunguo wake, hasa zile za nyuzi za besi, kisha atazame kama ubao wa sauti, ule mpana unaotetemeka na kukuza sauti ya nyuzi, umeachana na mbavu zake, yaani vipande vya mti vinavyouimarisha.