Chomeka Mixa, Sauti Ihame Yenyewe

Kijana mmoja anayepiga muziki kwenye harusi ameniandikia: "Kaka, nikichomeka mixa kwa USB laptopu inaitambua vizuri, ila muziki unaendelea kutokea kwenye spika zake ndogo. Nifanyeje?" Nimeshamjibu, lakini najua mko wengi mnaotafuta riziki kwa kazi hii mkitumia Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwa hiyo naliweka hapa tulimalize.

Suala hili linanigusa. Kuna ukumbi mmoja, fundi wao alibadilisha mixa dakika za mwisho. Maharusi wako mlangoni, MC keshawaita, watu wamesimama na simu juu. Nikachomeka waya, nikabonyeza wimbo. Kimya. Wimbo nausikia mimi tu niliyeinamia laptopu. Nikafungua pavucontrol, programu ya kuchagua sauti itokee wapi, nikahamisha sauti kwa mkono, spika zikaitika, lakini bibi harusi alikuwa keshafika katikati ya ukumbi bila muziki. Mwenyekiti wa kamati akatangaza kwenye maiki kwamba hayo ndiyo matokeo ya kutumia programu za bure. Malipo yangu yakakatwa. Maneno yale yananiuma mpaka leo, kwa sababu hayakuwa kweli.

Programu ilikuwa inafanya kazi yake. Laptopu yangu ina Debian 12, aina mojawapo ya Linux, yenye mwonekano wa Xfce, na msimamizi wa sauti humo ni PulseAudio. Ukishamchagulia pa kutolea sauti, anakumbuka na kushikilia hapo hapo. Kifaa kigeni kikija anakisajili, kisha kinasubiri uamuzi wako. Ofisini utaratibu huo unafaa. Kwetu sisi, ambao kila ukumbi una mixa yake, unaaibisha.

Dawa ni moduli, yaani kipande cha nyongeza cha PulseAudio, iitwayo module-switch-on-connect, na iko tayari ndani ya mashine yako. Ijaribu kwanza kwenye teminali, lile dirisha la kuandikia amri:

pactl load-module module-switch-on-connect

Washa wimbo, chomeka kifaa cha USB, usikie sauti inavyohama wimbo ukiendelea. Ili idumu, tengeneza faili ~/.config/pulse/default.pa (alama ~ ni folda yako ya nyumbani) lenye mistari hii:

.include /etc/pulse/default.pa
load-module module-switch-on-connect

Usiuache mstari wa kwanza, maana ndio unaobeba mipangilio mingine yote. Kisha andika pulseaudio -k, PulseAudio itazima na kuwaka upya.

Wenye Ubuntu, aina nyingine ya Linux, kuanzia toleo la 22.10 mnatumia PipeWire, msimamizi wa sauti mwingine badala ya PulseAudio. Andika pactl info, na mstari wa Server Name utakuambia kama ni PipeWire. Ninyi wekeni faili linaloishia na .conf ndani ya ~/.config/pipewire/pipewire-pulse.conf.d/, liwe na mstari huu:

pulse.cmd = [ { cmd = "load-module" args = "module-switch-on-connect" } ]

Halafu iwasheni upya kwa amri hii: systemctl --user restart pipewire-pulse

Jumamosi iliyopita mtoto alijikwaa kwenye waya wangu, ukachomoka katikati ya dansi. Nikaurudisha, na spika zikapokea wimbo pale pale bila mimi kugusa kitu kingine. MC hakujua kama kuna lililotokea. Nilijisikia fahari, na sioni haya kusema hivyo.

Ndugu zangu, heshima ya kazi yetu inajengwa nyumbani kabla ya gari kuja kubeba vyombo. Mteja hataki kujua PulseAudio ni nini. Amekulipa asikie muziki. Kaa na mashine yako usiku, chomeka na kuchomoa mpaka uiamini, na asikudanganye mtu kwamba cha bure ni dhaifu.

Projekta ya HDMI isikutie hofu: tangu PulseAudio 14, moduli hii haifuati HDMI isipokuwa umeiagiza. Kamera ya USB yenye maiki ndiyo ya kuangalia, kwani moduli huhamisha na upande wa kurekodi. Kama unarekodi hotuba za wazazi, chomeka kamera kwanza, maiki yako ya kweli iwe ya mwisho.